Namba za Kituo cha Tatu

Kila Jumamosi, kabla jua halijakausha umande, Chiriku alitoka nyumbani na ndoo ndogo iliyojaa vifaa. Ndani mlikuwa na kipimajoto, karatasi za kupimia uchachu wa maji, kifaa chembamba kama kalamu kinachopima chumvi, na daftari lenye jalada gumu. Begani alibeba mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, mrefu kukaribia kimo chake. Chini ya mrija huo palikuwa na duara lililopakwa nyeusi na nyeupe. Ukiujaza maji, ukachungulia kutoka juu na kuyapunguza kidogo kidogo mpaka duara lionekane, urefu wa maji yaliyobaki ndio unaokuambia maji ni maangavu kiasi gani.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa sababu ya kusema bila kupumua, kama yule ndege. Siku hizi lilikuwa jina tu. Tangu baba afariki, miezi michache iliyopita, ndani ya nyumba kilichosikika zaidi kilikuwa cherehani ya mama.

Baba alikuwa fundi baiskeli, lakini kwa miaka minane alikuwa pia msoma maji wa kujitolea. Kijito kilichopita nyuma ya nyumba zao ndicho kilichojaza tangi la mtaa. Kila Jumamosi alikipima katika vituo vitatu, kisha akapeleka namba sehemu mbili. Nakala moja ilikwenda maabara ya maji ya mji, kwa mtaalamu mmoja mwanamke ambaye watoto walimwita Mama Vipimo. Nyingine ilikwenda kwa Mzee Koki, mhudumu wa pampu. Kwa namba hizo Mzee Koki alijua atie dawa kiasi gani kwenye tangi. Maji yakiwa safi, alitia kidogo. Yakichafuka, aliongeza.

Baba alifia kituo cha tatu. Walimkuta ameketi, mgongo ameuegemeza kwenye jiwe, miguu ndani ya maji yasiyofika hata magotini, kipimajoto bado kimening'inia kwa uzi kutoka kidoleni mwake. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla. Chiriku ndiye aliyekuwa ametumwa kumwita chai.

Baada ya arobaini, Mama Vipimo alikuja kuchukua vifaa. Chiriku akaing'ang'ania ndoo.

"Nitapima mimi," alisema. "Najua kila kitu. Unasimama ukitazama maji yanakotoka, ili usipime matope uliyoyatibua mwenyewe. Kipimajoto unakiacha dakika mbili. Kifaa cha chumvi unakisuuza kwanza."

Mama Vipimo alimtazama mama. Mama alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayeitikia jambo zito kuliko alivyoambiwa.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwenye daraja la miguu, na cha pili nyuma ya shule. Huko hapakuwa na tabu. Kwenda cha tatu ulifuata njia nyembamba nyuma ya safu ya vyumba vya kupanga, ukashuka kwenye vichaka, ukatokea penye lile jiwe.

Jumamosi tatu za kwanza alikwenda. Ya nne, alipotumbukiza kipimajoto na kuanza kungoja, alisikia mtu akihesabu.

"Moja. Mbili. Tatu."

Sauti ilikuwa ya chini, isiyo na haraka. Baba alihesabu hivyohivyo, kwa sababu saa yake ilikuwa imekufa zamani na hakutaka kununua nyingine. Chiriku aligeuka. Hapakuwa na mtu. Lililomtisha zaidi ni kwamba palikuwa kimya mno. Vyura waliozoea kupiga kelele mahali pale mpaka ukashindwa kusikilizana na mwenzako, hawakuwapo. Wala mdudu hakulia. Na pembeni ya jiwe, maji yalikuwa yameanza kuota utando wa kijivu kama pamba chafu.

"Kumi na tisa," sauti ikasema. "Ishirini."

Chiriku aliokota ndoo akakimbia, asisimame mpaka uani kwao.

Mama alikuwa akipindua pindo la sketi ya mteja. "Umemaliza mapema leo."

"Ndiyo, mama."

"Maji yakoje?"

"Mazuri."

Neno lilikwisha toka, nalo neno likitoka halirudi. Daftari lilikuwa na safu tatu, na safu ya tatu ilikuwa tupu. Chiriku aliingia chumbani, akafungua sanduku la madaftari ya baba, akachukua la miaka mitatu iliyopita. Akatafuta wiki ileile. Joto, ishirini na moja nukta nne. Uangavu, sentimita sitini na saba. Chumvi, mia moja sabini na saba. Akanakili. Zilikuwa namba nzuri, za maji mazuri. Tena zilikuwa za baba, akajiambia, na baba hakuwa mwongo.

Jumamosi iliyofuata alifika hadi mwanzo wa vichaka akarudi. Ile iliyofuata hakujisumbua kufika huko. Kwa Jumamosi tisa mfululizo alipima vituo viwili, na cha tatu akakipimia kitandani.

Mama Vipimo hakuja kukagua katika kipindi hicho. Gari la maabara lilikuwa gereji likingoja kipuri, akawa anategemea namba anazoletewa.

Lakini jambo fulani lilianza kumnyemelea Chiriku. Baba aliandika saba yenye mkato katikati. Siku moja darasani mwalimu wa hesabu alimuuliza, "Tangu lini unaandika saba kizee hivi?" Akatazama daftari lake la shule. Saba zote zilikuwa na mkato. Alijaribu kuandika kama zamani, mkono ukakataa. Siku nyingine akiwa anaosha vyombo alikohoa kikohozi kifupi cha kusafisha koo, kilekile cha baba, na mama, aliyekuwa chumba cha pili, akadondosha mkasi. Kisha mama akaokota mkasi na cherehani ikaendelea.

Wiki ya tisa, mdogo wake alianza kuharisha. Alikuwa na miaka sita, wakimwita Kibogoyo kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yameng'oka yote kwa mpigo. Asubuhi alicheza. Kufikia saa nane mchana macho yalikuwa yamezama, na midomo imekauka kama ganda. Mama alimfunga mgongoni, Chiriku akabeba chupa ya maji, wakaenda mbio zahanati.

Hawakuwa peke yao. Bencheni walikaa kina mama sita, kila mmoja na mtoto amelegea mapajani. Ndani, vitanda vyote vilikuwa vimejaa, na chupa za dripu zimetundikwa kwenye misumari ya dirishani kwa kukosa mahali pengine. Mtoto mmoja mchanga alikuwa amepelekwa hospitali kubwa asubuhi hiyo, hali yake mbaya.

"Mnakunywa maji ya wapi?" muuguzi aliuliza huku akitafuta mshipa kwenye mkono wa Kibogoyo.

"Ya bomba, dada. Ya tangi la mtaa."

"Mnachemsha?"

"Kwa nini tuchemshe? Yanatiwa dawa. Yanapimwa kila wiki." Mama alimgeukia Chiriku. "Huyu hapa ndiye anayeyapima."

Muuguzi aliinua uso akatabasamu. "Hongera, mdogo wangu. Kazi kubwa hiyo."

Chiriku aliitazama chupa aliyoibeba. Ilikuwa imejaa maji ya bomba. Aliificha nyuma ya mgongo.

Kesho yake Mama Vipimo alifika nyumbani kwa miguu, amebeba sanduku la barafu na mkoba. Viatu vyake vilikuwa na matope mpaka juu.

"Shikamoo," Chiriku alisema, akitazama matope yale.

"Marahaba, mwanangu. Kibogoyo anaendeleaje?"

"Amekunywa uji leo," mama alijibu. "Muuguzi yuko naye, nitarudi huko jioni. Karibu, ukae."

Mama Vipimo alisogeza vitambaa mezani, akaweka karatasi za Chiriku upande mmoja. Upande wa pili akaweka nakala za namba za baba alizotoa maabara.

"Jana nilichota maji ya tangi," alisema. "Chupa yake huchemshwa kwanza iwe haina kijidudu hata kimoja, kisha maji hayo tunayamimina kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria na kukiweka kwenye joto usiku kucha. Yakiwa salama, kisahani kinabaki kitupu. Asubuhi hii kimejaa madoa. Ni bakteria wa choo. Nikashangaa, maana Chiriku ananiambia maji ni maangavu na chumvi yake haijapanda. Nikatoa namba za miaka ya nyuma nilinganishe." Akageuza karatasi moja. "Chiriku, Jumamosi ya juzi, kituo cha tatu, joto lilikuwa ngapi?"

"Ishirini na moja nukta mbili."

"Na wiki hiyohiyo, miaka mitatu iliyopita?"

Chiriku aliyatazama tena yale matope.

"Ni hilohilo. Na uangavu ni huohuo, na chumvi ni ileile. Mwanangu, maji yanayotiririka hayarudii maneno yake hata mara mbili. Wewe umeyarudisha mara tisa."

Mama alivuta karatasi karibu. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya namba moja.

"Hizi saba," alisema kwa sauti ndogo. "Hizi saba ni za baba yako."

Hapo Chiriku alivunjika. Maneno ya miezi yalimtoka kama zamani, bila kupumua. "Yuko pale, mama! Anahesabu. Nilimsikia mpaka ishirini. Vyura wamekimbia, kila kitu kimekimbia, kuna kimya, na yeye anahesabu. Niliogopa. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Kisha Kibogoyo... mimi ndiye niliyemnywesha, mama. Mimi!"

Alidhani watacheka au watamkaripia. Mama alimvuta akamkumbatia, kichwa chake kikiwa juu ya futikamba aliyoivaa shingoni.

"Mimi namsikia akitia upepo matairi," mama alisema. "Kila jioni pale mlangoni, pampu inapumua. Nilidhani ni mimi tu."

Mama Vipimo alingoja mpaka wote wawili wakafuta macho. Ndipo akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umesema vyura wamekimbia? Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile. Wiki tisa."

"Na nini tena?"

"Utando. Wa kijivu, kama pamba."

Mama Vipimo alisimama. "Chukua kifaa cha chumvi. Twende sote watatu, sasa hivi."

Njia ilikuwa ileile. Walipofika kwenye vichaka Chiriku akasimama, mama akamshika mkono wakaendelea. Harufu iliwapokea kabla ya maji. Jiwe lilikuwa pale, na utando ulikuwa umelizunguka lote, ukipepea chini ya maji kama matambara. Kimya kilikuwa kizito kama Chiriku alivyokikumbuka.

Mama Vipimo aliinama akageuza mawe madogo. "Chini ya mawe ya maji safi huishi wadudu wenye mikia mitatu kama nyuzi. Maji yakikosa hewa, hao ndio wa kwanza kufa. Tazama." Chini ya jiwe palikuwa na matope meusi na minyoo myembamba myekundu tu. "Vyura hawakukimbia mtu, mwanangu. Kimya ulichokisikia kilikuwa kipimo, sahihi kuliko hiki changu." Alitumbukiza kipima oksijeni. Kilisoma moja nukta tisa. "Ilipaswa kuwa saba."

Chiriku alisuuza kifaa chake, akakizamisha. Namba ilisomeka: mia sita na arobaini.

"Sasa panda nacho juu," Mama Vipimo akasema. "Pima kila hatua kumi. Sema kwa sauti."

Alipanda akiwa peke yake mbele, wao wakimfuata. "Mia saba na tano!" Hatua kumi. "Mia saba tisini!" Hatua kumi nyingine. "Mia tisa na kumi na mbili!" Vichaka vilikuwa vinene hapo, ukingo umejaa unyevu. Akapita, akapima tena, na kifaa kikashuka ghafla. "Mia moja sabini na nane!"

"Rudi nyuma," Mama Vipimo akasema. "Umekipita chanzo."

Walifunua majani. Chemba ya maji taka ya vile vyumba vya kupanga ilikuwa imepasuka ubavuni. Maji meusi yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye ufa, yakipita chini ya majani mpaka kijitoni, bila sauti yoyote. Yalikuwa yamefanya hivyo wiki tisa.

Kazi ilikwenda haraka baada ya hapo. Pampu ilizimwa siku hiyohiyo, mjumbe wa mtaa akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wachemshe maji. Tangi lilimwagwa, likasuguliwa, likatiwa dawa. Mafundi walijenga chemba upya kwa siku nne. Kibogoyo alirudi nyumbani akidai mayai. Yule mtoto mchanga alikaa hospitali wiki mbili, na kila siku ya wiki hizo Chiriku alikwenda kwa mama yake kuuliza habari, mpaka siku alipomkuta amerudi, amembeba.

Lakini kabla ya hayo kwisha palikuwa na Mzee Koki. Mama alitaka kwenda naye. Chiriku akasema hapana.

Mzee Koki alikuwa akifuta mikono kwa tambara pembeni ya pampu iliyozimwa. Alikuwa mtu wa mizaha, aliyezoea kumwambia kila mtoto kwamba akimwaga maji atakatwa sikio. Siku hiyo alisikiliza mpaka mwisho bila mzaha.

"Nilitia nusu kipimo," alisema. "Kila wiki. Namba zako zilipofika, nilisema, binti Fundi kama baba yake, nikalala usingizi. Mjukuu wangu alilazwa kitanda cha tatu kutoka kwa mdogo wako. Unajua?"

"Sikujua. Nisamehe, babu."

Mzee Koki alikunja tambara, akalikunja tena. "Jumamosi lete namba," alisema mwishowe. "Ila utakaa hapa unieleze kila moja umeipataje." Akaingia ndani ya kibanda cha pampu. Hakusema kama amesamehe.

Alhamisi, Mama Vipimo alikuja na rula na kalamu ya wino. Akafungua daftari mbele ya Chiriku na mama.

"Tunachana?" Chiriku aliuliza.

"Hatuchani. Hatufuti wala hatupaki rangi. Unapiga mstari mmoja tu juu ya namba ya uongo, ili mtu aweze kusoma chini yake palikuwa na nini. Pembeni unaandika ukweli, tarehe, na jina lako."

Chiriku alipiga mistari tisa. Pembeni ya kila mmoja aliandika: *Sikwenda. Niliogopa.* Alipomaliza, ukurasa ulimtazama kama kidonda kilichofunguliwa bendeji. "Ni aibu," akasema.

Mama Vipimo alitoa mkobani daftari kuukuu lenye pembe zilizoliwa na mende. "Hili ni la kwanza kabisa la baba yako. Lilikuwa maabara, hujapata kuliona. Soma hapa, mwezi wa pili."

Mwandiko ulikuwa wake, saba zikiwa na mkato. Kituo cha kwanza kilijazwa, cha pili kilijazwa. Kwenye cha tatu hapakuwa na namba. Chiriku alisoma kwa sauti: "*Sikupima. Mbwa mkubwa amelala njiani. Nimeogopa.*"

Mama aliruka. "Nini? Mbwa yupi? Yule wa kahawia?"

"Hakuandika rangi, mama."

"Aliniambia amemfukuza kwa jiwe! Wiki nzima alisimulia, mpaka kwa wateja, jinsi yule mbwa alivyokimbia!" Mama alijishika mbavu akaanza kucheka, na Chiriku akacheka, na kicheko kikageuka kilio na kikarudi tena kicheko, mpaka Kibogoyo akaja mlangoni kuuliza wamepewa nini.

Mama Vipimo aliwaacha wamalize.

"Nyumbani alijisifu," alisema, "lakini maji hakuyasemea uongo. Ndiyo maana namba zake naziamini mpaka leo. Sikiliza, Chiriku. Kuogopa si kosa. Kushindwa kwenda si kosa. Ungeniachia nafasi tupu, ningeiona siku ileile, nikauliza kuna nini, nikaja. Nafasi tupu inaita watu. Namba ya uongo inawaambia walale. Wewe ulidhani unaficha hofu yako, kumbe ulikuwa umefunika ile chemba kwa mikono yako. Kila mtu anayefungua bomba anakunywa neno la mtu asiyemjua. Anakuamini akiwa na kiu."

"Naelewa."

"Basi Jumamosi tutakwenda pamoja," Mama Vipimo alisema. "Na ukimsikia akihesabu?"

Chiriku alifikiri. Mama alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kanga, bado anatikisika mabega.

"Nitamwacha afike mia na ishirini, dakika mbili kamili," alisema. "Kisha nitasoma kilichoandikwa kwenye kipimo, nacho ndicho nitakachoandika."